Nje ya Mlango wa Katiba

Chumba ilimoandikwa katiba ya Marekani ni kidogo. Tangu nilipokisoma shuleni nilikijenga kichwani kuwa ukumbi mkubwa wenye mwangwi. Kumbe ni chumba cha mraba ambamo wageni wa harusi moja ya Mji wa Kale, Mombasa, wasingeenea. Meza zimepangwa kwa upinde, zimefunikwa kitambaa cha kijani, na juu yake kuna vinara vya mishumaa, vidau vya wino na kalamu za manyoya. Mbele, juu ya kijukwaa, kipo kiti cha mbao alichokalia George Washington, na kichwani mwa kiti imechongwa nusu ya jua. Vitu vingi vingine vimeletwa baadaye kujazia chumba, lakini kiti ni kilekile.

Nilifika Philadelphia mwezi wa Julai, na joto lilikuwa la kunata. Mtu wa Mombasa analijua joto na anaijua dawa yake: fungua madirisha, upepo uingie. Ndiyo maana jambo la kwanza nililoandika daftarini halikuwa jina la mtu wala tarehe. Niliandika: walifunga madirisha. Kuanzia Mei 25 hadi Septemba 17 mwaka 1787, kiangazi kizima, wajumbe 55 walipishana humu, madirisha na milango imefungwa na walinzi wamesimama nje, neno lisije likatoka. Walikuwa wametumwa kuurekebisha mkataba uliounganisha majimbo yao. Wakauweka kando na kuandika katiba mpya. James Madison wa Virginia alikaa mbele akinakili mjadala siku baada ya siku, na maandishi yake hayakuchapishwa hadi 1840, mwenyewe akiwa na miaka minne kaburini.

Daftari hili nililianzia hapo. Nikaliendeleza London, na kurasa za mwisho nikazijazia Nairobi, Dodoma na nyumbani. Katika kila nyumba niliuliza maswali yaleyale matatu: nani alikuwamo, nani alikuwa nje, na mapatano yalipofikiwa, nani alilipa?

Ubishi uliotaka kuwavunja Wamarekani ulikuwa wa kura. Virginia, yenye watu wengi, ilitaka bunge ligawe viti kwa idadi ya watu. Delaware na New Jersey, ndogo, zilitaka kila jimbo liwe na sauti sawa, zikiona kwamba zikikubali hesabu ya vichwa zitamezwa. Rhode Island haikuleta mjumbe hata mmoja. Walivutana wiki kwa wiki mpaka Julai 16, wakapiga kura juu ya pendekezo la Connecticut: nyumba mbili, moja ihesabu watu, nyingine, Seneti, ihesabu majimbo. Pendekezo lilipita kwa majimbo matano dhidi ya manne; Massachusetts iligawanyika katikati, wajumbe wawili wa New York walikuwa wameshaondoka kwa hasira, na wa New Hampshire walikuwa hawajafika. Sauti ya jimbo moja tu ndiyo iliyoamua. Mpaka leo California yenye watu takriban milioni 39 ina maseneta wawili, na Wyoming isiyofikisha watu 600,000 ina wawili vilevile.

Sioni vibaya kuyasifu mapatano hayo. Waliobishana walikuwa wote ndani, kila upande ulitoa kitu na kila upande ukaondoka na kitu. Ukipenda kuona wakubwa na wadogo wakikubali kukaa nyumba moja, hapa ndipo mahali.

Lakini ndani ya kura hiyohiyo mlikuwa na hesabu nyingine. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wao wahesabiwe wakati wa kugawa viti, ingawa hawakuwa na kura, wala ndoa inayotambuliwa, wala miili yao wenyewe. Ya kaskazini hayakutaka. Wakakata katikati: kila watumwa watano wahesabiwe kuwa watu watatu. Mwezi wa Agosti wakaongeza kwamba biashara ya kuwaleta watumwa kutoka Afrika isipigwe marufuku kabla ya 1808, na baadaye kidogo kwamba mtumwa akitorokea jimbo jingine arudishwe kwa bwana wake. Katika karatasi yote hiyo neno mtumwa halimo. Waliandika “watu wengine”. Walijua wanachokifanya, na ndiyo maana walikificha jina.

Nilitoka nje, nikavuka uwanja wa majani hadi pembe ya Mtaa wa Sita na Mtaa wa Market. Ni mwendo wa dakika chache, karibu kabisa na pale kengele yao maarufu ya uhuru inapohifadhiwa. Hapo palikuwa na nyumba aliyoishi Washington akiwa rais, kuanzia 1790 hadi 1797, Philadelphia ikiwa makao makuu ya nchi. Msingi wa nyumba unaonekana chini, umefunikwa kioo. Katika nyumba hiyo Washington aliweka watumwa tisa. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilimpa mtumwa wa mgeni haki ya kudai uhuru akikaa jimboni miezi sita, basi Washington akawa anawazungusha, anawapeleka nje ya jimbo kabla miezi haijatimia. Mmoja wao, binti aitwaye Ona Judge, alitoka mlangoni mwaka 1796 wakati familia iko mezani kwa chakula cha jioni, akapanda meli hadi New Hampshire, wala hakurudishwa tena. Aliishi mpaka 1848. Kwa sheria ya Marekani alikufa bado ni mali ya mtu.

Nilisimama juu ya kioo kile kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kiti cha jua. Waliolipa gharama ya Julai 1787 walikuwa jirani hivyo, wakipika na kukunja nguo.

Kitu kimoja zaidi cha Philadelphia kabla sijaondoka. Rasimu ilipotoka chumbani haikuwa na orodha ya haki za raia. Wajumbe watatu waliokuwapo siku ya mwisho, George Mason, Elbridge Gerry na Edmund Randolph, walikataa kutia saini, na kukosekana kwa orodha hiyo kulikuwa sehemu kubwa ya lalamiko la Mason. Watu wa majimboni, waliopelekewa rasimu waiidhinishe, nao wakaidai. Uhuru wa kusema, wa kuabudu, wa kutopekuliwa ovyo uliingia katika marekebisho kumi yaliyopitishwa Desemba 15 mwaka 1791. Hivyo sehemu ya katiba hiyo inayotajwa zaidi duniani iliandikwa kwa sababu watu wa nje walibisha hodi mpaka wakafunguliwa.

London nilipata mvua na geti. Lancaster House ni nyumba ya serikali, haiingiwi ovyo; mpita njia kama mimi huishia kuitazama kutoka nje, jumba la mawe ya rangi ya asali karibu na kasri la Saint James. Humo ndimo mikutano mitatu ya katiba ya Kenya ilimofanyika, mwaka 1960, 1962 na 1963. Majirani zetu wa Tanganyika hawakulazimika kusafiri: Machi 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, alikwenda mwenyewe Dar es Salaam, na mambo yakaisha kwa siku chache katika Ukumbi wa Karimjee. Sisi tulikuwa na walowezi, na walowezi walikuwa na ardhi, kwa hiyo sisi tuliitwa kwa mwenye nyumba.

Nikiwa getini nilimkumbuka Peter Mbiyu Koinange. Januari 1960 wajumbe Waafrika, wakiongozwa na Ronald Ngala, walimtaka awe mshauri wao. Serikali ya Uingereza ilimkataa kwa kumhusisha na Mau Mau. Wajumbe wakasusia mkutano kwa siku kadhaa. Yakapatikana mapatano ya ajabu: Koinange apewe kibali cha kuingia jumbani, asiingie chumba cha mkutano. Jomo Kenyatta mwenyewe wakati huo alikuwa bado amezuiliwa kaskazini mwa Kenya. Basi mkutano wa kwanza wa katiba yetu ulianza kwa ubishi wa mlango, na ukaendelea huku mmoja akiwa kibarazani na mwingine jangwani.

Lakini mshauri mwingine aliingia, naye ndiye aliyeunganisha kurasa zangu za Philadelphia na za London. Mjumbe Tom Mboya alimwalika Thurgood Marshall, mwanasheria Mmarekani mweusi, kitukuu wa mtumwa, aliyekuwa ameshinda mwaka 1954 kesi iliyoharamisha kutenganisha watoto wa shule kwa rangi. Alipozuru Kenya kabla ya mkutano, serikali ya kikoloni ilimzuia kuingia katika mkutano wa viongozi Waafrika huko Kiambu. Akaruhusiwa kuwasalimu tu watu waliokusanyika nje, akapaza neno moja, uhuru. London aliandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya. Na hapa nataka msomaji atulie kidogo. Mtu huyu, ambaye babu zake walihesabiwa tatu kwa tano katika chumba kile kidogo, aliketi akaandika ulinzi wa kila mwananchi wa Kenya, na ndani yake akauweka ulinzi wa wachache: Wahindi na Wazungu waliokuwa wakihofia mali zao. Alijua kuwa mchache asiyeandikwa hulipa. Hakujali ni mchache wa rangi gani.

Marshall baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1987, nchi yake ikisherehekea miaka 200 ya katiba, alitoa hotuba akakataa kuingia katika shangwe. Alisema katiba ile ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba ilihitaji vita vya wenyewe kwa wenyewe na marekebisho makubwa ndipo ianze kufanana na sifa zake. Nadhani ni mtu aliyekaa pande zote mbili za mlango tu awezaye kusema hivyo bila chuki.

Mkutano wa 1962 ulikuwa wa vyama vya KANU na KADU. KADU ya Ngala na Daniel arap Moi iliogopa makabila makubwa kama Delaware ilivyoiogopa Virginia, ikadai majimbo. Ikayapata: mabunge ya mikoa, na Seneti ya watu 41. Hayakudumu. Novemba 1964 KADU ilijivunja ikaingia KANU, mwezi uliofuata nchi ikawa jamhuri yenye rais mwenye nguvu, na baada ya miaka michache Seneti ilikuwa imekwisha. Wamarekani waliandika kwamba hakuna jimbo litakalonyang'anywa usawa wake katika Seneti bila ridhaa yake lenyewe. Sisi tuliandika vizuizi pia, lakini waliopaswa kuvilinda walihamia upande wa pili wa meza.

Mapatano ya tatu ndiyo yanayonigusa mwilini. Mwambao wetu, ukanda wa maili kumi, ulikuwa kwa jina wa Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895. Wako wazee wetu waliotaka ujitenge usiingie Kenya. Oktoba 1963, London, ukaunganishwa: Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua. Ziliahidi uhuru wa dini, mahakama za Kadhi, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu, maofisa Waislamu katika sehemu za Waislamu kwa kadiri iwezekanavyo, na kwamba hati za umiliki wa ardhi Pwani zitatambuliwa.

Nimekulia katika nyumba ambamo barua hizo zilitajwa kama amana. Mjomba wangu alikuwa akizihesabu ahadi kwa vidole baada ya kahawa ya jioni. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipouliza kuhusu kidole cha mwisho. Hati gani? Hati zilizotolewa chini ya sheria ya kikoloni ya 1908, iliyowataka watu walete madai ya ardhi zao kwa maandishi na ushahidi. Waarabu na Waswahili wengi wenye nafasi walijua njia ya ofisini. Jirani zetu Wamijikenda, waliolima na kuzika katika ardhi hiyohiyo, wengi hawakupata karatasi, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Ahadi ya kutambua hati ilikuwa pia, kimyakimya, ahadi ya kutowatambua wasio na hati. Wakaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Nasema haya nikiwa mtoto wa upande uliopata. Waswahili wa Mombasa tumezoea kusimulia 1963 kama hasara yetu, na tulipoteza kweli, lakini bili kubwa hatukupelekewa sisi.

Kutoka London hadi Lang'ata, Nairobi, ni kama kutoka jumba la mfalme hadi uani kwa nyanya. Bomas of Kenya nilikuta ni kituo cha utamaduni: nyuma kulikuwa na nyumba za jadi za jamii mbalimbali, mbele ukumbi mkubwa wa mviringo wa ngoma. Kuanzia Aprili 2003 hadi Machi 2004 wajumbe 629 walijadili humo rasimu ya katiba, chini ya Profesa Yash Pal Ghai: wabunge wote, wawakilishi wa wilaya, vyama, dini, vyama vya wafanyakazi, wanawake, walemavu. Tume ya kurekebisha katiba ilikuwa imezunguka nchi nzima kukusanya maoni. Milango ilikuwa wazi, magazeti yakiandika kila jioni. Ukiweka daftari langu wazi, kurasa mbili zikitazamana, Philadelphia upande wa kushoto na Bomas wa kulia, hutapata vyumba viwili vinavyopingana zaidi.

Uwazi haukuleta salama. Septemba 14 mwaka 2003 Dakta Crispin Odhiambo Mbai, mwenyekiti wa kamati ya ugatuzi, alipigwa risasi nyumbani kwake akafa. Mkutano uliendelea bila yeye. Machi 2004 upande wa serikali, ukiongozwa na Makamu wa Rais Moody Awori, ulitoka ukumbini kwa ubishi wa madaraka ya rais na waziri mkuu. Rasimu ikapitishwa na waliobaki, kisha ikabadilishwa na wengine, na Novemba 21 mwaka 2005 wananchi wakaulizwa: Ndizi au Chungwa? Chungwa, yaani hapana, ikashinda kwa kura takriban 58 kwa mia. Mipasuko ile iliingia katika uchaguzi wa Desemba 2007, na watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Ndipo waheshimiwa wakakubali kwamba katiba haiwezi kungoja tena.

Na ilipofika Januari 2010, kamati ya wabunge ilifanya nini? Ilikwenda kujifungia Naivasha. Humo, kwa siku chache, ubishi wa miaka kumi ukakatwa: waziri mkuu aondoke, rais abaki, na kaunti ziwe na Seneti ya kuzilinda. Zamani ningeandika kwamba mlango uliofungwa ni uovu. Sasa sisemi hivyo. Mtu anayesikilizwa na wapiga kura wake kila neno huona haya kurudi nyuma hata akiona amekosea; ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kurudi. Naivasha iliwezekana kwa sababu Bomas ilitangulia, maoni ya watu yalikuwa tayari mezani, na kilichotoka chumbani kilirudi kwa wananchi Agosti 4 mwaka 2010, wakakipitisha kwa thuluthi mbili na zaidi kidogo. Wamarekani nao waliwarudishia watu rasimu yao, lakini Ona Judge hakuwa miongoni mwao.

Dodoma nilikaa siku mbili tu. Bunge Maalum la Katiba la Tanzania la 2014 lilibishana wiki kadhaa kama kura iwe ya siri au ya wazi, likaamua kila mjumbe achague. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitaka Muungano wa Bara na Zanzibar uwe na serikali tatu. Walio wengi wakataka mbili zilezile. Wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka Aprili 16. Ilitakiwa thuluthi mbili ya wajumbe wa Bara na thuluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake, na hapo niliiona Connecticut tena: mdogo amepewa uzito sawa na mkubwa. Katiba Inayopendekezwa ikapita Oktoba 2. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30 mwaka 2015, ikaahirishwa, na haikufanyika. Hesabu ya Zanzibar ilitimia, lakini mshindani hakuwa ukumbini. Kwangu mimi hicho si kipimo cha mapatano, na sidhani katiba hiyo ingetulia hata kama ingepigiwa kura.

Nimerudi Mombasa. Asubuhi ya jana nilimsindikiza shangazi yangu katika mahakama ya Kadhi kwa shauri la mirathi. Tulikaa kwenye benchi na akina mama wengine, kila mmoja na bahasha yake. Mahakama hii ilikaribia kupotea: Mei 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwamo kwake katika katiba ya zamani hakukuwa halali, na viongozi wengi wa makanisa waliipinga mpaka siku ya kura. Imebaki. Ibara ya 170 inamtaja Kadhi kwa jina lake na kumwekea mipaka: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Ahadi moja ya barua za 1963 imefika hadi mikononi mwa shangazi yangu.

Kidole cha mwisho cha mjomba bado. Katiba hiyohiyo, Ibara ya 67, inaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Kilifi na Kwale wako wazee wanaoishi hadi leo bila hati katika mashamba waliyozaliwa. Baba zao hawakuitwa London. Tume iwaite wao, iwasikilize wangali hai, na sisi tulionufaika na karatasi za 1908 tuwe wa kwanza kwenda kutoa ushahidi kwa ajili yao.